Mpishi wa Tope

Marashi alifika mazikoni amechelewa, na watu walijua kafika kabla hawajamwona. Harufu yake ilitangulia. Mtu anayesimamia mtambo wa majitaka ya mji mzima huwezi kumlaumu akijipulizia manukato, lakini huyu alijipulizia kama anayezima moto, na ndipo wafanyakazi walipompa jina hilo, jina ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Alimpa mkono mama wa marehemu, akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akasogea kwa wanaume waliokuwa wameegemea ukuta. Pale akasema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika vizuri, "Alikuwa kijana mzuri sana. Shida yake ilikuwa chupa tu."

Dada wa marehemu alikuwa akipita nyuma yao na jagi la maji. Alisikia. Jagi halikumponyoka, wala hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja hadi jikoni, akaliweka mezani, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi.

Mdogo wake hakuwa mlevi. Pombe hakuwahi kuionja. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza kabla ya kuimeza, na nyumbani walimcheka kwa hilo. Lakini neno la mkubwa lina miguu. Kabla udongo haujakauka kaburini, lilikuwa limeshapita dukani, kwa fundi cherehani na kwa kinyozi, na kila lilipopita liliongezewa chumvi. Siku moja mama alirudi kutoka dukani kikapu kitupu, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Wananitazama kama mtu aliyezaa chupa," alisema.

Dada na mdogo mtu walikuwa wakifanya kazi mahali pamoja. Dada alikuwa mkemia wa mtambo, mwenye maabara yake ndogo iliyokuwa na dirisha linalotazama matangi. Mdogo wake alikuwa fundi pampu. Siku ya ajali dada hakuwapo, alikuwa amempeleka mama hospitali kuangaliwa macho. Yaliyotokea aliyasikia kwa mlinzi wa getini, aliyemfuata nyuma ya nyumba mara tu baada ya maziko.

"Binti yangu, hakulewa," mlinzi alisema. "Nilikuwapo. Vali ilikwama mle shimoni, na wageni walikuwa wameshafika getini wanataka kuonyeshwa moto wa gesi. Mdogo wako akasema tuwashe feni kwanza, itoe hewa mbaya. Bosi akamwambia, 'Feni ya nini? Wewe mwanamume au mwali? Shuka, dakika mbili tu.' Akashuka. Hakufika hata mwisho wa ngazi."

Dada hakuhitaji kuelezwa zaidi. Shimo la vali lilikuwa kando ya tangi kuu, refu kuliko watu wawili waliobebana, na gesi ya tope ikivuja hutuama mle kama maji yasiyoonekana. Ikiwa kidogo hunuka mayai viza. Ikiwa nyingi, pua ndiyo hufa kwanza. Mtu hanusi kitu, anadhani hewa ni safi, na miguu inamwisha nguvu.

"Utayasema haya mbele ya tume ya uchunguzi ikija?" alimuuliza mlinzi.

Mlinzi akatazama chini. "Nina watu wanaokula kwa kazi hii, binti yangu."

Tume ilikuja, ikakaa ofisini kwa Marashi, ikanywa chai ya Marashi. Mlinzi alisema hakuona kitu. Marashi alisema kijana alikuja kazini ananuka pombe, akashuka shimoni kwa ubishi wake bila kutumwa na mtu. Tume ikafunga mikoba yake ikaenda zake, na tangu siku ile uongo ukawa na muhuri.

Kila mtu alidhani dada ataacha kazi. Hakuacha. Aliripoti asubuhi kama kawaida, akavaa koti lake jeupe, akamwamkia Marashi.

"Unakula meza moja na mtu aliyemmeza mwanangu?" mama alimuuliza. "Una moyo wewe, au jiwe?"

"Mama, nikiondoka pale nitamwona wapi?"

Mama alidhani anamzungumzia marehemu, akalia. Wifi yake, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa mlangoni anamnyonyesha mtoto wake wa kike. Yeye alimtazama wifi yake kwa muda mrefu, na alielewa ni nani aliyekuwa anazungumziwa.

Kazi ya dada ilikuwa tope. Majitaka ya mji yakishachujwa, kinachobaki ni tope, na tope hilo hutiwa ndani ya tangi kubwa la zege lililozibwa lisiingie hewa. Humo vijidudu hulila, na katika kulila hutoa gesi inayowaka. Gesi ile ndiyo iliyochemsha maji ya hospitali na kuendesha jenereta ya mtambo. Tatizo ni kwamba vijidudu vile ni wavivu wa kutafuna. Sehemu kubwa ya tope ni miili ya vijidudu vingine, kila kimoja kimejifungia ndani ya ukuta wake kama dengu ndani ya ganda, na karibu nusu ya chakula hutoka upande wa pili hakijaguswa.

Dawa yake inajulikana kwingine, ila pale hakuna aliyewahi kuijaribu: ni kulipika tope kabla ya kulitia tangini. Dada aliunganisha mtungi mdogo wa chuma nene na bomba la mvuke. Tope lilitiwa humo, likafungiwa, likapigwa mvuke mkali mpaka likaiva, halafu koki ikafunguliwa ghafla. Presha ikishuka kwa mkupuo, zile kuta hupasuka. Tope lililoingia zito kama udongo wa mfinyanzi lilitoka jepesi kama mchuzi, na kwenye tangi dogo la majaribio gesi iliongezeka karibu mara mbili.

Ndipo wafanyakazi walipomwita Mpishi. Wenye ulimi mchafu waliongeza na jina la kile kinachopikwa. Hakukasirika; alipowakuta wakila kivulini alikuwa akiwaambia, "Malizeni hicho upesi, changu kimeshaiva." Walimpenda. Hakuna aliyejua usiku anafikiri nini.

Gesi ilipopanda, Marashi alianza kupitapita maabarani. Kwanza aliuita "mradi wako." Baada ya muda ukawa "mradi wetu," na mvua zilipoanza tena ukawa "mradi wangu." Aliisimulia bodi ya shirika, bodi ikaupenda, mtungi mkubwa wa kupikia ukajengwa kando ya tangi kuu, mabomba yakang'aa. Mpishi alimwachia kila kitu. Alimwachia sifa, alimwachia picha, alimwachia hata kiti cha mbele kwenye mikutano ya kueleza kazi ambayo hakuwahi kuishika.

Jambo moja alilieleza mara nyingi, kwa upole, wakiwa wawili tu ofisini: tope lililopikwa ni chakula kinono mno. Tangi lililozoea tope bichi hulishwa kinono hicho kidogo kidogo, kwa miezi, mpaka vijidudu vizoee. Mtu aliyelala njaa siku nyingi humjazii sahani. Ukilishindilia tangi, asidi hupanda, vijidudu vya gesi hufa, na povu huja juu.

"Sawa, sawa," Marashi alikuwa akijibu, na mara zote alisikia, kwa sababu walikuwa wawili tu.

Mpishi alikuwa amempima mtu huyu kama alivyopima tope, kila siku, kidogo kidogo. Na alikuwa amegundua kwamba ukimwambia Marashi neno kwa siri, atalifikiria. Lakini ukimwambia "huwezi" mbele za watu, tena ukiwa mwanamke, atalifanya hata kama ni kukalia makaa.

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, Marashi aliwaita wasimamizi wote. Mwenyekiti wa bodi angekuja mwenyewe.

"Nataka moto uonekane kutoka barabarani," alisema. "Tunaweza kuongeza tope lililopikwa kiasi gani?"

Zamani Mpishi angejibu kwa hesabu na sababu. Safari hii alisimama, akasema kwa sauti ya kukata, "Hatuongezi. Tangi litatapika. Hilo huliwezi wewe." Akakaa. Hakueleza zaidi.

Msimamizi wa zamu akakohoa kuficha kicheko, na kikohozi kile ndicho kilichomaliza mambo.

"Siliwezi?" Marashi aliinuka. "Mpishi anaogopa chungu chake mwenyewe! Kuanzia leo tope lote lipikwe, lote liingie tangini. Bichi hata tone nisilione. Ni amri yangu mimi. Mmesikia?"

"Tumesikia, bosi."

"Na wewe Mpishi?"

Kumbe Marashi naye alilijua jina hilo. Mpishi akainamisha kichwa. "Nimesikia, bosi."

Siku zilizofuata alipima tope la tangi asubuhi na jioni, akaona asidi ikipanda kama homa. Stoo kulikuwa na magunia ya chokaa. Machache tu yangeituliza, na ulishaji ukisimamishwa tangi lingepona. Kila asubuhi alipita mbele ya magunia yale. Hakuyagusa. Hata hivyo hakutaka kuua mtu. Alipanda juu ya paa la tangi, akahakikisha tundu la kupumulia presha linafunguka vizuri. Akawaambia vijana walaze mipira ya maji nyuma ya tangi, "kwa ajili ya usafi." Kisha akaenda nyumbani, akawaambia mama na wifi yake wavae vizuri, wamealikwa.

"Mimi nikampigie makofi?" mama akauliza.

"Njoo tu, mama. Ukae karibu ili usikie."

Siku ya uzinduzi hema lilisimamishwa mbele ya tangi, viti vikavalishwa vitambaa, na zulia likatandikwa juu ya kokoto. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mfupi mwenye sauti kavu, asiyetabasamu bila sababu. Marashi alivaa suti nyeupe. Alishukuru huyu, akashukuru yule, akafika penye kujisifu.

"Na hapa kwetu usalama ni wa kwanza," alisema. "Mtambo huu haujawahi kumpoteza mtu kwa uzembe wa uongozi."

Mama alikuwa mstari wa tatu. Wifi aliushika mkono wake, akaushikilia.

Marashi akabonyeza kitufe. Juu ya bomba refu moto ulilipuka, mkubwa, wa buluu na njano, na watu wakashangilia kwelikweli. Marashi alifungua mikono kama anayepokea mvua. Kisha moto ukapungua. Ukakohoa, ukarudi, ukakohoa tena, ukazimika. Makofi yakafifia moja moja. Ndani ya tangi kukasikika ngurumo, kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, na ukingoni mwa paa kukachomoza povu la kahawia.

Mwanzoni lilikuwa kama ndevu. Halafu likavimba, likajikunja, likaanza kushuka ukutani kwa madonge, na upepo ukalishika. Donge la kwanza lilitua juu ya meza ya vinywaji. La pili lilitua juu ya bega la suti nyeupe. Wageni walikimbia, viti vikaanguka, mtu mmoja mwenye tai akateleza kwenye zulia akaenda mpaka mwisho wake kwa makalio. Harufu ile haielezeki. Hakuna manukato yaliyowahi kutengenezwa ya kuishinda.

"Povu limeingia kwenye bomba la gesi!" msimamizi wa zamu alipiga kelele. Mshale wa kipimo cha presha ulikuwa unapanda.

"Fungueni vali ya chini!" Marashi alikuwa akijifuta uso. "Limwagike! Wewe, shuka shimoni!"

"Tuwashe feni kwanza, bosi," msimamizi wa zamu akasema.

"Hakuna muda wa feni! Mwenyekiti amesimama hapa! Shuka, dakika mbili tu!"

Maneno yalitoka yale yale. Wafanyakazi wote waliyasikia, na hakuna aliyesogea. Msimamizi wa zamu alivua glavu zake polepole, akaziweka chini mbele ya viatu vya Marashi. Mwingine naye akavua zake. Mpishi alikuwa ameshafika penye shimo. Aliuinua mfuniko, akausimamisha, akabaki ameushika. Mtu mwingine yeyote asingepita hapo; alikuwa amelipanga hilo pia.

"Shuka wewe, bosi," alisema.

"Nani? Mimi?"

"Ngazi ni ile ile. Na wewe hujalewa. Aliyekufa humu aliuawa na pombe, ndivyo ulivyoiambia tume. Kwa mtu mwenye akili timamu shimo hili halina neno. Shuka, mwenyekiti anakutazama."

Marashi aliusogelea ukingo, kwa sababu macho yote yalikuwa juu yake. Akachungulia. Chini kulikuwa na giza na ngazi ya chuma, na kimya. Akarudi nyuma, akateleza kwenye povu, akasimama tena.

"Mna wazimu nyie?" alifoka. "Mle kuna gesi! Mtu akivuta pumzi mbili tu hatoki!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe.

Tangi liliendelea kunguruma. Kisha mama akatokea katikati ya watu, miguu imezama kwenye povu, anashikwa mkono na mkamwana wake kwa sababu macho yake hayakuwa yakiona vizuri.

"Huyo aliyesema hivyo ni yeye?" mama akauliza.

"Ndiye, mama," Mpishi akajibu.

Mama alimgeukia pale alipoisikia sauti. "Ulijua. Mwanangu ulimwambia?"

Marashi alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumjibia. Hatimaye alisema, kwa sauti ndogo sana, "Nilikuwa na wageni."

Mlinzi wa getini alianza kulia. Alivua kofia yake, akamwendea mwenyekiti wa bodi, akayasema yote, feni, mwali, dakika mbili, na chai ya tume. Aliyasema hadharani, bila kuulizwa, kama mtu anayetapika alichokula zamani.

Ndipo Mpishi alipoinua mkono. Vijana wakafungua mipira, maji yakalipiga povu kutoka juu, ulishaji ukakatwa, tundu la paani likapumua kwa mluzi mrefu, na mshale wa kipimo ukaanza kushuka. Hakuna aliyeshuka shimoni siku ile. Haikuhitajika.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa akitazama mipira. Aliifuata kwa macho kutoka kwenye povu hadi nyuma ya tangi.

"Hii ililazwa lini?" akamuuliza Mpishi.

"Juzi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilisema mbele ya wasimamizi wote kwamba litatapika."

"Ulisema mara moja. Mtaalamu anayetaka kusikilizwa husema mara moja?"

Mpishi akaurudisha mfuniko juu ya shimo.

"Ungeweza kulizuia?"

"Kwa magunia ya chokaa yaliyopo stoo."

Mwenyekiti alitikisa kiatu chake, tope likaruka. "Huyu anaondoka leo," alisema akimwonyesha Marashi. "Na wewe unaondoka leo. Pole kwa mdogo wako. Lakini tangi hili si la baba yako."

"Najua," Mpishi akasema, na akavua koti lake jeupe pale pale.

Tangi lilikufa. Kulifufua kulichukua msimu mzima, na kwa muda huo hospitali ilirudi kwenye kuni. Wanawake wa dobi walichemsha mashuka kwenye mapipa uani, macho mekundu kwa moshi, na mmoja wao alipokutana na Mpishi barabarani alimwonyesha viganja vilivyoungua. "Kisasi chako kitamu, dada," alisema. "Sisi tumepewa masufuria tuoshe." Vijana wa zamu nao walikaa nyumbani bila kazi, wale wale waliokuwa wakimtania. Mpishi aliyaona hayo yote. Alianza kupita barabara nyingine kwenda dukani. Lakini ukimuuliza kama alijuta, hakujuta.

Tume mpya iliundwa, na safari hii haikunywa chai ya mtu. Kesi ikafunguliwa. Asubuhi moja Marashi alibisha hodi mlangoni kwa Mpishi, amevaa shati lisilopigwa pasi.

"Nimekuja kuomba radhi, dada yangu," alisema. "Nimekosa. Nakuomba familia yako iniombee mahakamani."

Mpishi hakumkaribisha ndani. "Neno lako la chupa ulilisemea wapi?"

"Mazikoni. Ilikuwa... nilisema tu."

"Likapita mtaa mzima. Basi lifuate. Pita mlango kwa mlango ukalichukue."

"Halafu?"

"Wewe pita kwanza."

Walianza kwa kinyozi, jua likiwa bado halijapanda. Marashi mbele, Mpishi nyuma yake. Kinyozi alizima mashine, mteja akageuka na povu kidevuni. "Yule kijana wa mtambo hakuwa mlevi," Marashi alisema akitazama sakafu. "Nilimsingizia."

"Sema kwa sauti," Mpishi akasema. "Na useme ulimfanya nini."

"Nilimtuma shimoni bila feni. Nilimuua mimi."

Kwa fundi cherehani alisema. Dukani alisema, na mwenye duka, aliyeulea uongo ule kuliko mtu yeyote, alijifanya anapanga sabuni. Nyumba ya wageni, kituo cha maji, kwa fundi viatu, kwa mama mkunga. Mlango usiofunguliwa walisubiri. Aliponong'ona alirudishwa mwanzo. Watoto walianza kuwafuata, kisha wakachoka wakaacha. Adhuhuri Marashi alilia waziwazi, akaendelea kulia huku akisema, na Mpishi akatembea nyuma yake akisikiliza. Asiyewahi kulipiza kisasi asidanganywe na wahubiri: ni kitamu. Alikionja kila mlango, na kila mlango kilikuwa kitamu vile vile.

Walipofika kwa mama, hakutoka nje. Alisema kutoka chumbani, "Mwanangu namjua. Sina haja ya kuelezwa na huyo. Mpelekeni mbele."

Mlango wa mwisho ulikuwa wa wifi. Alikuwa amekaa kivulini barazani, mtoto amelala kwenye mkeka. Marashi alipiga magoti bila kuambiwa, akasema yote, tangu mwanzo, midomo imemkauka mpaka maneno yalikuwa yanakwama. Wifi alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda na kikombe cha maji.

"Kaa," alimwambia. "Kunywa."

Mpishi hakuamini macho yake. "Wifi, unampa maji?"

"Ana kiu."

"Huyu? Huyu aliyemshusha mumeo shimoni kama ndoo?"

"Ndiye huyo huyo. Ametembea jua lote, ana kiu."

Marashi alikunywa, maji yakimtiririkia shingoni. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akamgeukia Mpishi. "Na kesi, dada yangu?"

"Nilikuahidi nini?"

Alifikiri. "Hukuniahidi kitu."

"Basi tutaonana mahakamani."

Alipokwisha kuondoka, Mpishi alibaki amesimama uani. "Umeniaibisha," alimwambia wifi yake. "Siku nzima nimemkausha, wewe unakuja kumnywesha!"

"Umemaliza?" wifi aliuliza.

"Bado."

"Mimi nimemaliza. Mimi ndiye niliyebaki na kitanda, wifi, si wewe. Nilimsubiri huyo mtu aseme, amesema, nimesikia. Sasa nataka kupika, nile, nilale. Wewe kama una safari bado, nenda, sikuzuii. Ila punguza sauti, mtoto amelala."

Mpishi alikwenda mahakamani. Alisimama kizimbani kama shahidi, akaeleza gesi ile ni nini, inatuama wapi, inaua vipi, na ni nani aliyekuwa akijua, na hakimu alimsikiliza hadi mwisho. Marashi alifungwa. Alipokuwa akitolewa nje alimtazama Mpishi, na Mpishi hakuyakwepa macho yake. Wifi hakuja siku ile. Alisema ana nguo za kufua, na ni kweli alikuwa nazo.

Siku hizi Mpishi yuko mji mwingine, kwenye mtambo mdogo, analipika tope na kulilisha tangi kidogo kidogo kama anavyotaka yeye. Kazi ile hakuipata kirahisi. Habari za mipira iliyolazwa mapema zilimtangulia kila alikoomba, na aliyempokea mwishowe alimwambia wazi kwamba atakuwa anamchunga. Akija nyumbani hupitia kwa wifi na zawadi za mtoto, ambaye sasa anakimbia. Wifi humkaribisha vizuri, humpakulia, humsindikiza hadi barabarani. Kuhusu kikombe kile cha maji hawajawahi kuelewana. Kila mmoja humsemea mwenzake kwa mama, na mama huwaambia wote wawili wana haki, na kwamba yeye amechoka kuamua.